Mechi ya klabu kwa klabu katika gofu: maana yake na hesabu zake

Mechi ya klabu kwa klabu ni shindano la timu mbili zinazotoka katika klabu tofauti, linaweza kuchezwa kwa siku mbili, na ushindi wake huhesabiwa kwa pointi. Jumla ya mikwaju haina kazi hapa. Mchezaji aliyezoea mashindano ya kila mwezi ya klabu, ambako kila mkwaju unaandikwa kwenye kadi mpaka shimo la 18, lazima ajifunze upya kufikiri. Hapa unashindania shimo moja baada ya jingine. Ukipiga 9 na mpinzani akapiga 4, umepoteza shimo moja tu, sawa na yule aliyepoteza kwa mkwaju mmoja. Okota mpira, nenda kwenye tii (mahali pa kuanzia shimo) inayofuata.

Matokeo husomwa hivi: "3 na 2" maana yake mshindi alikuwa mbele kwa mashimo matatu huku yamebaki mawili, hivyo mpinzani hawezi tena kumfikia na mechi imekwisha palepale, kwenye shimo la 16. Mechi hiyo huiletea timu pointi 1. Wakimaliza mashimo 18 wakiwa sare, kila upande hupata nusu.

Ratiba ya kawaida kwa timu za watu 12 ni hii. Jumamosi asubuhi mechi 6 za jozi zinazotumia mpira mmoja, zinazoitwa fosamu. Jumamosi mchana mechi 6 za jozi ambazo kila mtu ana mpira wake, zinazoitwa foboli. Jumapili mechi 12 za mtu kwa mtu. Jumla ni pointi 24, na mwenye 12.5 ameshinda. Kombe la Ryder, ambalo Ulaya na Marekani hushindania, lina mitindo hiyohiyo mitatu, lakini kwa siku tatu na pointi 28. Nairobi kuna Ngao ya Tannahill, inayochezwa kwa fosamu wikiendi ya Pasaka katika klabu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906.

Fosamu ndiyo inayotenganisha timu na kundi la wachezaji wazuri. Watu wawili, mpira mmoja, mnapokezana kupiga. Mmoja huanza kwenye mashimo yote ya witiri (1, 3, 5), mwenzake kwenye mashimo yote ya shufwa (2, 4, 6), na uamuzi huo haubadiliki mpaka mwisho wa raundi. Kwa hiyo kabla ya kuamua, keti na kadi ya uwanja. Angalia mashimo mafupi ya mikwaju 3 yanaangukia wapi. Kama matatu kati ya manne ni ya shufwa, anayepiga fimbo za chuma kwa uhakika ndiye aanzie shufwa, hata kama mwenzake ana jina kubwa zaidi klabuni. Kisha angalia mashimo marefu: nani ataachiwa mpigo wa pili wa mbali?

Kosa linalogharimu jozi nyingi ni kupiga nje ya zamu. Adhabu yake ni kupoteza shimo, na hutokea hasa baada ya mkwaju wa adhabu. Adhabu haibadilishi zamu. Juma akipiga kutoka kwenye tii na mpira ukatoka nje ya mpaka, mpigo unaofuata, papo hapo kwenye tii, ni wa mwenzake. Watu hukosea kwa sababu katika mchezo wa kawaida aliyepoteza mpira ndiye anayerudia, na mkono umeshazoea.

Foboli ni rahisi zaidi. Mipira minne, na katika kila jozi mpira bora ndio unaohesabiwa kwa shimo hilo. Jozi ina uhuru wa kuchagua nani apige kwanza zamu yao ikifika, na uhuru huo una faida: mwenye mpira ulio salama apige kwanza, aiwekee jozi namba nzuri, ndipo mwenzake ashambulie bendera bila hofu.

Sasa handikapu, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji dhaifu ili ushindani uwe sawa, mahali penye malalamiko mengi. Mfumo wa dunia ulioanza kutumika mwaka 2020 unampa kila mchezaji namba yake ya msingi, lakini namba hiyo haitumiki moja kwa moja uwanjani. Unaizidisha kwa kiwango cha mteremko, yaani kipimo cha ugumu wa tii mnazochezea, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza tofauti kati ya ukadiriaji wa uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari asiye na nyongeza) na pa yake (mikwaju iliyopangiwa uwanja). Mwenye 13.2 kwenye uwanja wenye mteremko 128, ukadiriaji 71.2 na pa 72 anapata handikapu ya uwanja ya 14. Akienda ugenini penye 118, 69.8 na pa 71, anapata 13. Mgeni anayekuja na namba ya nyumbani kwao kichwani anajidanganya kabla hajapiga.

Baada ya hapo kila mtindo una hesabu yake. Mtu kwa mtu: tofauti nzima ya handikapu za uwanja. Foboli: kila mmoja huchukua asilimia 90, kisha mwenye ndogo kuliko wote wanne anahesabiwa sifuri na wengine hupata tofauti yao naye. Fosamu: nusu ya jumla ya jozi. Tuseme jozi moja ina 8 na 14, nyingine 11 na 20. Kwenye foboli zinakuwa 7, 13, 10 na 18. Wa kwanza anacheza bila nyongeza, wengine wanapewa 6, 3 na 11. Kwenye fosamu ni 11 dhidi ya 15.5, inayokuwa 16, hivyo jozi ya pili inapewa mikwaju 5. Inaitumia kwenye mashimo matano magumu zaidi, yale yenye namba ya ugumu 1 hadi 5 kwenye kadi. Zitieni alama kwenye kadi kabla ya kuanza, mbele ya wapinzani. Kutangaza handikapu kubwa kuliko yako halisi, ikiwa kunabadili idadi ya mikwaju unayopewa, kunakuondoa mechini hata kama ulikosea kwa nia njema.

Neno "kirafiki" nalo lina mpaka. Wachezaji wakikubaliana kupuuza kanuni wanayoijua, kwa mfano "leo tusihesabu adhabu ya maji," wote huondolewa. Urafiki wa gofu una mlango wake halali: kumpa mpinzani pati, yaani mpigo mfupi wa kuingiza mpira shimoni. Mpira wake ukiwa karibu na shimo unamwambia "umepewa", naye anauokota kana kwamba umeingia. Ukishampa huwezi kumnyang'anya, wala yeye hawezi kukataa. Mwaka 1969, kwenye uwanja wa Royal Birkdale, Jack Nicklaus alimpa Tony Jacklin pati ya mwisho kabisa, na Kombe la Ryder likaisha sare ya 16 kwa 16. Lakini tamka kwa sauti. Kuitikia kwa kichwa ukiwa umbali wa yadi ishirini ndiko kunakozaa ugomvi. Anayeokota mpira bila sababu ya msingi ya kuamini amepewa huongezewa mkwaju mmoja na kuurudisha mpira mahali pake.

Ushauri pia una mipaka: mwenzako wa jozi na kedi (mbebaji wa fimbo) wako au wake tu. Mwanatimu aliyemaliza mapema hawezi kukusogelea na kukunong'oneza fimbo ya kupiga, ila kama kamati imeruhusu timu iwe na mshauri mmoja aliyetajwa.

Makapteni wakubaliane kwa maandishi angalau wiki moja kabla. Wataje tii, kikomo cha handikapu, na muda wa kuanza. Mechi sita kila baada ya dakika 10, kuanzia saa 1:00 asubuhi, zinamaliza kuondoka saa 1:50. Foboli ikianza saa 6:30 mchana, ya mwisho inaondoka 7:20 na ina nafasi ya kumaliza kabla ya giza. Makapteni wabadilishane majina ya wachezaji kwa bahasha, kila mmoja bila kuona mpangilio wa mwenzake, na wakishabadilishana yasiguswe.

Nyumbani na ugenini si jambo dogo. Timu ya Nairobi, iliyozoea hewa nyepesi ya karibu mita 1,700, ikishuka Nyali, Mombasa, mpira unakwenda pungufu kwa takriban yadi 9 katika mpigo wa yadi 150, na upepo wa kusi au kaskazi bado haujahesabiwa. Ijumaa ya mazoezi inafaa kwa kujua hilo tu: kila fimbo inafika wapi hapa. Andika namba hizo kwenye karatasi na mpe kedi.

Na amueni mapema nini kitafanyika matokeo yakiwa 12 kwa 12. Desturi ya wengi ni kwamba aliyekuja na kombe anarudi nalo. Kama ni mara ya kwanza na hakuna mwenye kombe, andikeni kwamba itahesabiwa jumla ya mashimo ya ushindi katika mechi za Jumapili, na kadi zitunzwe mpaka makapteni wote wawili watie sahihi.