Muhtasari sio kuandika kwa ufupi

Juzi tena. Kijana mmoja ninayemsaidia kuandika safu za maoni kaniletea makala ya maneno 1,100, nikamwambia nafasi ni maneno 450 tu, kaipunguze. Kesho yake karudi na furaha zake, "Kaka, nimeifanyia muhtasari." Nikasoma, na kweli alikuwa amefanya muhtasari: hoja zote saba zipo, kila moja kaipa sentensi mbili, na hakuna hata moja iliyoshiba.

Maana zenyewe haziumizi kichwa. Muhtasari ni mambo makuu ya kitu ambacho tayari kipo, ndo mana kuna muhtasari wa kikao, muhtasari wa ripoti. Kuandika kwa ufupi ni kusema jambo lako lote bila neno la ziada. Muhtasari una mama yake mahali, ukitaka zaidi unamfuata mama. Makala fupi haina mama, yenyewe ndo asili, msomaji akimaliza hana pengine pa kwenda kutafuta ulichomaanisha.

Nadhani tulichanganyikiwa shuleni. Kwenye mtihani wa Kiswahili, iwe Tanzania au Kenya, kuna ufupisho, unapewa habari ya mtu mwingine unaambiwa uifupishe kwa maneno kadhaa, basi tukakua tukijua ufupi ni kazi unayoifanyia habari ya mtu. Hakuna aliyetuambia andika ya kwako, na iwe fupi toka mwanzo.

Sasa angalia maneno yenyewe yalikotoka manake hapa ndo panaponigusa. Muhtasari ni Kiarabu, mukhtasar, na mzizi wake ndo huohuo unaotoa khasr, yaani kiuno. Pale mwili unapobanwa. Wanazuoni walikuwa wanachukua vitabu vikubwa wanavibana vinakuwa kitabu kidogo kinachoitwa mukhtasar, kimebanwa hadi mwanafunzi haelewi bila mwalimu, kwahiyo anakuja mwanachuoni mwingine anakiandikia sharh, maelezo ya kukifungua. Hilo sharh ndo sherehe yetu, ile orodha ya maana za maneno magumu unayoikuta mwishoni mwa vitabu vya Kiswahili. Kwahiyo muhtasari toka zamani ni kitu kinachosubiri mtu aje akieleze, na safu ya gazeti haina mtu huyo, msomaji yuko kwenye daladala peke yake na gazeti lake.

Neno tunalolihitaji lipo na tunalitumia kila siku bila kulitazama: kuhariri. Nalo ni Kiarabu, tahrir, na kwao tahrir ni kuhariri maandishi na pia ni kukomboa, ule uwanja wa Tahrir pale Cairo ni uwanja wa ukombozi. Mzizi ni huohuo uliotupa huru na uhuru. Mhariri na uhuru ni ndugu wa tumbo moja! Mi nilivyolijua hili nilibadilika kabisa namna ya kukata maneno, manake nilikuwa nabana, nasukuma vitu viingie, kumbe kazi ni kuifungulia hoja, kuitoa kwenye maneno yaliyoikalia.

Chukua sentensi kama hizi tunazoziandika wote: "Kutokana na ukweli kwamba kuna mvua nyingi ambazo zimekuwa zikinyesha katika siku za hivi karibuni, barabara yetu imekuwa ikipata changamoto ya kutopitika." Maneno 22. Sema "Mvua imekata barabara yetu." Manne, na hakuna kilichopotea. Huo sio muhtasari wa ile ndefu, ni sentensi ileile imeachiwa. Kiswahili kinatubeba sana hapa, kitenzi kimoja kinamchukua mtendaji, wakati na mtendewa, "nimemwambia" ni neno moja tu, afu sisi tunakwenda kutafuta "imekuwa ikipata changamoto ya". Na wazee wa mashairi walishatuonyesha, ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, mtu anaingiza ugomvi mzima wa mtaa humo na hakuna anayeuita ubeti muhtasari.

Mi safu nimejifunzia kwa kuandika kila wiki, na kilichonifundisha ni ile nafasi yenyewe. Ukurasa ni karatasi. Likiingia tangazo saa kumi na moja jioni safu inakatwa kutokea chini, kwahiyo kama jambo lako umeliweka mwisho limekwenda. Niliumia mara mbili, nikaanza kulitanguliza.

Baadaye nikaanza kuzirudisha safu za zamani mtandaoni, na huko hakuna karatasi, nikaona sasa nitarudisha yale yote niliyoyatoa. Nikairefusha moja, nikaisoma sambamba na ile iliyotoka gazetini. Ile ndefu ilikuwa inajieleza tu, inaomba ikubalike, hoja imekaa katikati ya aya huioni. Nikayatoa tena. Toka hapo naziweka kama zilivyochapwa, juu kabisa naandika tarehe ya kwanza ilipotoka, na kama nauli niliyoitaja imeshapanda naongeza mstari mmoja chini, basi. Tarehe ni muhimu jamani, msiiache, mtu anasoma hasira yako ya mwaka 2016 akidhani ni ya leo asubuhi. Na ukitaka kuweka pale juu vile vistari vitatu vya "kwa kifupi" kwa wenye haraka, weka, hivyo ndo muhtasari kweli na viitwe hivyo.

Yule kijana sikumrudishia makala. Nilimuuliza kati ya hizi hoja saba ni ipi inakukosesha usingizi, akasema ya taka zinazolala sokoni hadi mchana. Nikamwambia basi andika hiyo tu, hizo sita zitunze, ni safu zako za wiki sita zinazokuja, na ukimaliza mtu akikuuliza umeifanyaje, mwambie nimeihariri.