Kiti Kitupu Hakiwekwi Kwenye Barafu: Dhana Potofu Kuhusu Bei za Tiketi za Mpira

Watani wa jadi wakikutana, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000 hufurika, na kesho yake nasikia kauli ileile: mmeona, bei si tatizo. Hapana. Simba na Yanga ni sikukuu. Mtu hujibana wiki nzima, huomba ruhusa kazini, hutoka Morogoro alfajiri. Ukitaka kujua kama bei ni sahihi, nenda Jumatano saa 10 jioni, timu mbili za katikati ya msimamo zinacheza, uhesabu waliokaa mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba kushusha bei ni kujitia hasara. Kiti cha uwanjani ni kama samaki wa soko la Feri: jua likizama hajauzwa, bei uliyoing'ang'ania asubuhi haina maana tena. Na samaki ana nafuu, utamweka kwenye barafu. Kiti hakina kesho.

Waliolielewa hili mapema ni Bradford City ya Uingereza. Mwaka 2007 walishuka hadi daraja la nne, hali ambayo kwa kawaida hufukuza mashabiki. Badala ya kuwakamua waliobaki, waliuza tiketi ya msimu mzima kwa pauni 138. Gawanya kwa mechi 23 za nyumbani: pauni 6 kwa mechi. Msimu uliotangulia, wakiwa daraja la tatu, wastani wao haukufika watu 10,000. Huku chini ulivuka 13,000, na hakuna klabu nyingine ya daraja hilo iliyowafikia. Zaidi ya yote, fedha ziliingia kabla ligi haijaanza, na aliyekwisha kulipa huja hata siku ya mvua, hata timu ikifungwa mfululizo. Anamleta na mwanawe, na mtoto atataka jezi na soda.

Basi kwa nini isiwe bure kabisa? Bure nayo ina mwenye kuilipia. Fortuna Düsseldorf ya Ujerumani ilipofungua milango bure dhidi ya Kaiserslautern, Oktoba 2023, wadhamini ndio waliobeba mzigo. Maombi yalipita 100,000 kwa uwanja wa watu wasiozidi 55,000, ikabidi ichezeshwe bahati nasibu kupata watakaoingia. Kila aliyeingia alikuwa na tiketi yake. Kutangaza "kiingilio bure" bila tiketi na bila idadi ni kualika msongamano getini, na msongamano huua.

Husemwa pia kwamba shabiki wa kweli hulipa bei yoyote. Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77. Siku ya mechi na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki walisimama wakaondoka, timu yao ikiongoza 2-0. Iliisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Hao walikuwa mashabiki wa kweli.

Televisheni nayo hulaumiwa kupita kiasi kwamba ndiyo inayoacha viti vitupu. Ujerumani kila mechi ya Bundesliga huonyeshwa moja kwa moja, na bado wastani wa watazamaji viwanjani huwa karibu 40,000.

Kwetu, aliyekaa kibanda umiza akitazama mechi kwenye televisheni mara nyingi hajaikimbia tiketi peke yake. Baba mwenye watoto wawili anapiga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, ya maji na chakula, foleni ya getini, na daladala la kumrudisha Mbagala mechi ya usiku ikiisha. Tena bei hutangazwa siku chache kabla, ratiba ikabadilika, naye alikwisha kuomba ruhusa. Ningekuwa na sauti kwenye klabu ya mkoani, ningeanza na tiketi ya msimu inayolipwa kidogo kidogo kwa simu, mtoto wa shule aingie kwa sare akiwa na mzazi, na bei itajwe Julai isiguswe hadi ligi iishe, hata wiki wanayokuja Simba au Yanga.