Redio ya kaseti ya gari lako haijafa, imechafuka

Wateja wengi wanaonifuata hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na ombi moja: ng'oa redio ya zamani, weka ya skrini. Mimi huwaomba waniachie gari kwa muda kwanza. Deki nyingi, zile sehemu za redio zinazocheza kaseti, zinazoletwa kama zimekufa hazina ugonjwa mwingine zaidi ya uchafu. Isitoshe, redio nyingi za magari yanayotoka Japani zilitengenezwa kushika FM ya megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo bila ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa, stesheni zetu nyingi hazipatikani. Mwenye gari la namna hiyo hutegemea kaseti au CD kwa safari nzima.

Ila kinachonisumbua hasa ni kanda zenyewe. Kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga, nyumba nyingi zina kaseti za kwaya za usharika, za harusi, za mahubiri ya wazee waliokwisha kutangulia. Nyingi zilirekodiwa mara moja tu. Deki chafu ikitafuna moja ya hizo, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.

Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.81, na hupita mbele ya hedi, kile kipande kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Anayeuvuta ni kijiti cha chuma kinachozunguka, na rola ya mpira ndiyo inayoubana kwenye kijiti hicho. Piga hesabu: kwa saa moja zinapita mita 171. Dereva anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, akisikiliza mfululizo kwa saa kumi na mbili, amepitisha kilomita mbili za mkanda juu ya hedi ileile. Njiani mkanda unaacha unga wa kahawia, ule ule unaobeba sauti. Changanya na vumbi letu la kiangazi, utapata tope gumu ambalo kulitoa kunahitaji subira.

Tope likikaa kwenye hedi, huunyanyua mkanda kidogo sana, lakini hicho kidogo kinatosha kupoteza sauti nyembamba. Soprano wanafifia na wimbo mzima unasikika kama umefunikwa blanketi. Likikaa kwenye rola, rola inanata, na mkanda badala ya kuendelea na safari unajiviringisha humo humo. Sababu nyingine ni belti ya ndani ya deki iliyolegea: kijiti na rola vinaendelea kusukuma mkanda, lakini upande wa kupokea hauzunguki sawasawa, basi mkanda unamwagika ndani.

Kuna mzee mmoja alinijia na tatizo hilo.

"Fundi, hii redio imeanza kula kanda."

"Pole, mzee. Hedi unaisafisha?"

"Si vijana wa kuosha magari huwa wanaipuliza na kompresa?"

Naomba tuliache kabisa jambo hili. Upepo wa kompresa unasukuma vumbi mpaka kwenye gia na lenzi ya kusomea CD, na mara nyingi umebeba maji na mafuta. Gari likipulizwa ndani, ziba mlango wa kaseti na wa CD kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

Kwa hedi na kijiti cha chuma, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba. Ukiikosa, tafuta spiriti nyingine isiyo na rangi wala mafuta, kwa sababu ile yenye mafuta inaacha utando. Rola mimi naifuta kwa maji yenye sabuni kidogo sana, kisha naikausha, maana spiriti ya mara kwa mara hukausha mpira ukapasuka. Petroli na thina usivikaribishe. Bisibisi pia isiguse hedi, hata kwa bahati mbaya. Itaikwaruza au kuiachia sumaku. Kama huifikii hedi kwa nje, nunua kaseti ya kusafishia, ya aina inayotiwa matone. Zile kavu zinasugua mno.

Toa kaseti kabla ya kuzima gari. Deki nyingi za zamani huacha rola imebanwa kwenye kijiti, nayo ikikaa hivyo usiku kucha inapata bonde, halafu sauti inaanza kuyumba. Kanda zako usiziweke kwenye mfuko wa mlango, kwani spika ipo hapo hapo na ina sumaku. Na za C-120, yaani za dakika 120, ziache nyumbani: mkanda wake ni mwembamba mno, takriban milimita 0.009, hauhimili deki ya gari.

CD ina tabia nyingine. Watu wanaulinda sana upande unaong'aa, wakati upande wa maandishi ndio dhaifu. Tabaka la alumini liko chini ya rangi na vanishi nyembamba tu, na kalamu ya wino yenye ncha ngumu inaweza kulitoboa. Andika kwa maka laini, na usibandike stika, maana ikibanduka ndani ya redio CD haitoki. Kwa upande unaong'aa, futa kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Taarifa zimepangwa kwa mzunguko, hivyo mkwaruzo unaokatisha njia redio inaweza kuusahihisha, lakini unaofuata mzunguko huifuta sehemu ndefu.

Baridi yetu nayo ina lake. Asubuhi ya Juni au Julai, pale Uyole au kule Makete, ukiwasha hita lenzi hupata ukungu na redio inaikataa hata CD isiyo na kasoro. Usiigonge. Subiri gari lipate joto, ukungu utakauka. Mchana, hata kama nje kuna upepo wa baridi, gari lililofungwa juani linachemka; CD za kuchoma, zile za kurekodiwa kwa kompyuta, hupauka na kaseti hupinda. Hapo kwenye dashibodi sipo mahali pake.

Ukitaka kunakili kanda ya kwaya ili ibaki, usianze kwa kuibonyeza icheze. Angalia kama kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoukandamiza mkanda bado kipo. Peleka mkanda mbele mpaka mwisho, urudishe wote, ili uliokuwa umegandamana uachie. Safisha hedi. Ndipo urekodi upande mzima bila kusimamisha, na kaseti yenyewe irudi kwenye boksi lake, isimame wima, mahali pakavu.