Usitupe kabureta yako: dhana potofu kuhusu spea za magari ya zamani

Sentensi inayonichosha kuliko zote kwenye kazi hii ya kufufua magari ya zamani ni "fundi, toa hiyo iliyochoka weka mpya tu, mpya ni mpya". Naisikia kila mara, na mara nyingi anayeisema ana gari lililotoka kiwandani na spea nzuri kuliko hizo anazotaka kununua. Kwa hiyo leo naandika yote, mtu akiniuliza tena namtumia asome.

"Spea mpya lazima iwe bora kuliko ya zamani"

Hapana. Na hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndo magari mengi yanaharibiwa na watu wenye nia nzuri kabisa.

Spea ikichoka haichoki yote. Kinacholika ni pale chuma kinaposuguana na chuma, na kinachokufa ni mpira na gasketi, basi. Bodi yake iliyomiminwa kiwandani, matundu yake, njia zake za ndani, vyote bado viko vilevile kama alivyotaka injinia wa gari lile. Sasa wewe unatupa bodi nzima kwa sababu ya bushi, kile kibomba kinachobeba shafti, ndogo kuliko ncha ya kidole?

Chukua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Malalamiko ni yaleyale: injini haitulii usipokanyaga mafuta, mara inapanda mara inataka kuzima, skrubu ya kurekebishia ukiizungusha haisaidii kitu. Mwenye gari anasema ameshaifanyia ovahoo imeshindikana, kwa hiyo imekufa. Nikimuuliza ovahoo gani, anasema alinunua ile pakiti ya ukarabati akabadilisha kila kilichokuwemo. Jamani, ile pakiti kwa kawaida ina gasketi, sindano na kikalio chake, diaframu ya pampu na vipete viwili vitatu vya mpira. Bushi za shafti ya kipepeo, yaani kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, hamna humo, na shafti ndo inayozunguka kila unapokanyaga mafuta, miaka na miaka, kwahiyo umebadilisha kila kitu isipokuwa kile kilicholika.

Ipime hivi. Shika mwisho wa hiyo shafti kwa vidole viwili uitikise juu chini. Ikicheza, tundu limeshalika limekuwa na umbo la yai, na hewa inapita pembeni ya shafti inaingia chini ya kipepeo bila kupimwa na chochote. Mchanganyiko unapungukiwa petroli, injini inayumba, na hakuna skrubu itakayorekebisha hilo hata ukizungusha mpaka jioni. Kama kabureta bado iko kwenye gari na injini inawaka, pulizia kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta pale shafti inapotokeza, mbali na ekzosi yenye moto na kizima moto kiwe karibu. Mlio wa injini ukibadilika, jibu umeshapata.

Tiba yake ni kazi ya kukereza na uvumilivu. Matundu yote mawili ya shafti yanapanuliwa kwa rima, kifaa cha kupanulia tundu kwa kipimo, kwa mstari mmoja, unasukuma bushi za shaba nyeusi, unaweka shafti mpya, na zile skrubu mbili ndogo za kipepeo unafunga mpya na kutanua ncha zake ili zisifunguke, maana zikifunguka zinashuka moja kwa moja ndani ya injini. Boya la shaba, lile linaloelea kwenye bakuli la petroli la kabureta, litumbukize kwenye maji ya moto, likitoa viputo lina tundu, na ukiliziba weka lehemu kidogo mno kwa sababu uzito unaoongeza pale unabadilisha usawa wa petroli kwenye bakuli. Jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, usizichokonoe na waya, pulizia upepo tu, lile tundu ni kipimo na wewe unalipanua. Na kama una kabureta mbili za SU, ile aina yenye pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kuba, weka alama kabla hujafungua chochote: pistoni ya SU na kuba lake ni jozi iliyolinganishwa kiwandani, ukizichanganya pistoni inaweza kukwama au kuvujisha hewa, alafu lawama zote zinaenda kwa kabureta.

Sisemi spea zote za kutengenezwa leo ni mbaya. Zipo nzuri sana, hasa pale mtengenezaji alipopata michoro na vipimo vya kiwanda cha mwanzo. Ila zipo zilizonakiliwa kutoka kwenye spea iliyokwisha tumika, yaani mtu amepima kitu kilicholika akatengeneza kipya chenye ulaji uleule, kwa chuma laini zaidi, na kikaingia kwenye boksi linalong'aa. Wewe unaona boksi.

Mfano unaoniumiza zaidi ni kondensa ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Ni kikopo kidogo cha bati chenye waya mmoja, kwa kawaida kama maikrofaradi 0.2, kazi yake kuzuia platini, ile swichi ndogo ya ndani ya distributa, zisiungue na kuisaidia koili itoe cheche kali. Ile ya zamani imefanya kazi miongo bila shida, mtu anafanya sevisi anaibadilisha "kwa usalama tu". Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea, likipata joto linazima, likipoa linawaka tena kama hakuna kilichotokea. Mwenye gari anabadilisha pampu ya petroli, anabadilisha koili, anashusha tangi analiosha, na muda wote mgonjwa ni kondensa mpya inayokufa ikipata joto. Rota, kile kipande cha plastiki kinachozunguka juu ya shafti ya distributa, nazo ni hivyohivyo, kuna ambazo riveti yake imekaribiana mno na shafti, cheche inatoboa plastiki inaingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Kwahiyo kama kondensa yako ya zamani haijakusumbua na platini haziungui, iache. Iache kabisa.

Ndo maana nasisitiza kitu kimoja hata wateja wangu wananichoka: usitupe spea ya zamani mpaka mpya ifanye kazi, ipate joto, ipoe, ipate joto tena, kwa miezi. Itie kwenye mfuko, andika imetoka wapi, upande upi, tarehe gani. Na fundi akikubadilishia kitu mwambie akurudishie cha zamani mkononi, tena umwambie kabla hajaanza kazi. Nimeona dinamo nzima, waya wake salama, imetupwa kwa sababu ya kaboni mbili zilizokwisha na bushi moja! Dinamo ile ilihitaji kaboni mpya, komuteta, ile sehemu ya shaba ambayo kaboni zinasugua, kukerezwa kidogo na maika, kile kihami cha umeme kilicho katikati ya vipande vyake, kushushwa, na bushi mpya ambayo unailoweka kwenye oili kabla ya kuisukuma ndani. Kazi ya siku moja.

"Basi kila kitu kibaki orijino"

Huyu naye ananitisha kwa namna yake. Mpira haufufuliwi. Hozi za breki, mipira ya silinda za breki, hozi za petroli, mkanda wa feni, badilisha bila kujadiliana na mtu, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Hozi ya breki inavimba kwa ndani, oili inapita ukikanyaga alafu hairudi, tairi moja linashika na unaanza kulaumu silinda. Petroli yenye ethanoli nayo inaila mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Waya zilizofunikwa kwa kitambaa zikianza kumenyeka ni moto unaosubiri muda. Sehemu za stelingi zikiwa na ufa hazichomelewi, nakataa, tafuta nyingine. Na dramu ya breki ina kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, ikishakipita imekwisha hata kama ndo iliyotoka na gari.

"Spea ya kiwanda ambayo haijawahi kufungwa haiwezi kuwa na tatizo"

Kama ni chuma, nunua haraka. Kama ina mpira, jua kwamba mpira unazeeka hata ukiwa kwenye boksi. Ifungue, toa mipira yote, weka mipya, ndo ufunge.

"Masta silinda ikiwa na mashimo ya kutu imekwisha"

Bado. Inachongwa kwa ndani na kuvalishwa silivu, yaani bomba jembamba la ndani, ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba, kwa kipimo kilekile cha mwanzo, na kutu haitakula tena ule ukuta. Kilichosababisha mashimo ni maji: oili ya breki ya DOT 3 na DOT 4 inafyonza unyevu wa hewa, na wewe hujaibadilisha tangu ununue gari. Ukitaka DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo nyingine.

"Kufufua ndo njia ya kuokoa hela"

Mara nyingine ndiyo, mara nyingi hapana. Kupima, kukereza na kusafisha kunakula saa nyingi za fundi. Unafufua kwa sababu kinachorudi kwenye gari kinakaa pale kinapotakiwa kukaa, matundu ya bolti yanaingiliana, na kazi hairudiwi.

"Injini yoyote ya aina ileile ni sawa tu"

Kwa kutembea, sawa. Ila bloku ina namba iliyogongwa, na kwa gari ambalo namba hiyo inalingana na kumbukumbu za kiwanda, ukibadilisha injini umefuta sehemu ya historia na ya thamani yake. Silinda zikilika zinaboliwa na kuwekwa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo, zikifika mwisho zinavalishwa silivu zinarudi saizi ya mwanzo. Krenki nayo inasagwa na kuwekwa beringi za andasaizi, zenye tundu dogo zaidi, ila uliza kwanza kama ilifanyiwa naitraidi, yaani kugumishwa juu kwa naitrojeni, maana ukisaga sana ule ugumu wa juu unaondoka na inabidi irudishiwe. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, kwenye Mkataba wake wa Turin limeweka uhifadhi wa kilichopo mbele ya kubadilisha, na linataka sehemu mpya ziwekewe alama ili ajaye baadaye ajue kipi ni kipi. Nakubaliana nao kabisa.

"Petroli isiyo na risasi itaua injini yangu, lazima nifungue hedi niweke vikalio vigumu vya valvu"

Risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani ilikuwa inalinda vikalio vya valvu, lakini kama utaumia bila hiyo inategemea injini na unavyoendesha. Hatari kubwa iko kwenye valvu za ekzosi za injini zenye vikalio laini zinazokimbizwa kasi kubwa muda mrefu. Kama hedi yako haina shida usiifungue, pima nafasi ya valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila sevisi uandike. Nafasi ya ekzosi ikiendelea kupungua kila ukipima, valvu inazama kwenye kikalio, hapo fungua na uweke vigumu. Kama haibadiliki, endesha.