Je, wajua kwa nini daraja la Katonga liliikata Uganda vipande viwili mwaka 1985?

Mwezi wa tano 2023 mafuriko yalipoharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, taksi zikabidi zizunguke Mpigi, Kanoni, Sembabule ndo zitokee Masaka. Kama uliwahi kuzunguka vile basi nusu ya vita ya 1985 umeshaielewa. Watu huuliza, NRA (National Resistance Army, jeshi la Yoweri Museveni) walikuwa waasi wa msituni tu, jeshi la serikali lina malori na mizinga, sasa waliwezaje kuigawa nchi?

Jibu ni kile kinamasi cha mto Katonga. Ukishapita ikweta pale Kayabwe, kabla ya Lukaya, angalia nje ya dirisha: mafunjo kwa mafunjo, maji chini yake, gari zito likitoka tu kwenye lami linazama. Yaani jeshi zima lazima lipange foleni kwenye njia moja nyembamba, na aliyechimba handaki ng'ambo anakuona tangu mbali, hahitaji watu wengi kukuzuia.

Julai 1985 wanajeshi walipompindua Rais Obote na Tito Okello akawa rais, NRA tayari walikuwa Fort Portal. Wakashuka kusini wakazingira kambi za jeshi la serikali za Mbarara na Masaka, na hapa ndo akili yenyewe ilipokuwa, maana askari aliyefungiwa kambini bado anataka kula kila siku na bunduki yake bado inataka risasi, na hivyo vyote vinatoka Kampala kwa barabara ileile. Kikosi kikitoka Kampala kuwaokoa kinakwama Katonga, wanajaribu tena, wanakwama tena. Binafsi naona daraja hili linastahili kutajwa pamoja na Luwero, kule NRA walikopigania miaka ya mwanzo, kila tunaposimulia vita hii, na wale waliokuwa ndani ya kambi tusiwasahau, nao walikuwa vijana wa Uganda, wana mama zao wakiwasubiri nyumbani.

Masaka ikasalimu amri Desemba. Magharibi ikawa kama nchi nyingine, utawala wake wa muda uko Fort Portal, huku Nairobi Okello na Museveni wanazungumza mbele ya Rais Moi wa Kenya mpaka wakasaini amani tarehe 17 Desemba. Amani ile haikushika. Januari 1986 NRA wakaja kwa barabara ya Masaka, safari hii wao ndo wanaelekea Kampala, na tarehe 26 mji ukaanguka.