Kiangazi Bustanini: Besi, Majivu na Kima Wenye Njaa

Kuanzia Januari hadi masika yanapokaribia, wakazi wengi wa Nairobi humalizia Jumapili zao Uhuru Park, City Park, Arboretum au kando ya Mto Nairobi pale Michuki Park. Ni haki yao. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, alikuwa akitetea nafasi hiyo hiyo ya mwananchi kukaa kwenye nyasi. Anayeishi jirani na bustani naye ana haki ya kulala, na ugomvi mwingi huanzia kwenye spika.

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo huruhusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi hadi saa 2 usiku, kisha 35 hadi saa 12 asubuhi. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida hufikia takribani desibeli 60, kwa hiyo kiwango cha usiku ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Wenye sherehe hudhani kwamba wakizima spika moja kati ya mbili wamepunguza kelele kwa nusu, ilhali tofauti yake ni takribani desibeli 3 tu, ambazo sikio huzitambua kwa shida. Umbali husaidia zaidi: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua takribani desibeli 6. Ndiyo maana spika ndogo kadhaa zilizowekwa karibu na wasikilizaji, zikiipa mgongo mitaa ya makazi, ni bora kuliko moja kubwa jukwaani. Besi, yaani sauti nzito za muziki, ni mkaidi: husambaa pande zote, hupenya kuta, na dawa yake ni kuipunguza kwenye mtambo wenyewe. Isitoshe, usiku wa kiangazi usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, hali inayopinda sauti kuirudisha chini, hata muziki uliovumilika saa 10 alasiri ukasikika mbali saa 3 usiku.

Kuhusu chakula, anayefika City Park Jumatatu asubuhi humkuta kima ameketi juu ya pipa lisilo na kifuniko, akipasua pakiti ya krispi kwa meno na kulamba chumvi iliyobaki. Kima aliyezoea hivyo hangoji tena pipa. Humpokonya mtoto andazi mkononi na huweza kumng'ata. Kwa maoni yangu, pipa lenye kifuniko kizito, likiwekwa kwenye njia ya kutokea ambako kila mtu hupita na mzigo wake, hufanya kazi kuliko askari watatu wenye virungu. Katika Msitu wa Karura, ambako plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku tangu tarehe 5 Juni 2020 kama ilivyo katika misitu mingine iliyohifadhiwa, mgeni hubeba chupa inayojazwa tena.

Majivu ya nyama choma yamwagiwe maji hadi yapoe, na yasimwagwe penye mizizi ya miti.

Anayetaka kulalamikia kelele aripoti kwa ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakati muziki ungali unapigwa, akitaja mahali, saa ilipoanza na upande inakotokea, kwa sababu kipimo hakiwezi kuchukuliwa sauti ikishazimwa.