Nani athibitishe, askari au serikali?

Kila likizungumzwa suala la kuharakisha mafao ya askari walioumia kazini, husikia dawa ile ile: makarani waongezwe, kompyuta zinunuliwe, watendaji wawekewe muda. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Chake Chake, Pemba, ni majalada ya wastaafu wa vikosi. Kwa ninavyoyaona, jalada hukwama kwenye swali moja: una ushahidi gani kuwa maradhi haya uliyapata kazini?

Mchukue mzee aliyetumikia boti za doria, sikio la kulia halisikii tena. Ana barua ya kustaafu, barua ya sheha na cheti cha daktari. Cheti kinasema sikio limeharibika. Hakisemi limeharibiwa na nini, na daktari wa leo atajuaje? Daftari la zahanati ya kambi la miaka ile limeshaliwa na mchwa. Basi mzee anaambiwa akatafute karatasi isiyokuwepo duniani, na nauli ya meli kwenda Unguja ni yake.

Marekani waliugua ugonjwa huu huu. Sumu ya kuua majani iitwayo Agent Orange waliacha kuimwaga Vietnam mwaka 1971, lakini sheria ya kuwapunguzia askari wake mzigo wa kuthibitisha ilikuja 1991. Ukionesha ulihudumu Vietnam na una mojawapo ya maradhi yaliyoorodheshwa, sheria inachukulia kuwa uliyapata huko. Wanasheria tunaiita dhana ya kisheria. Agosti 2022 Rais Joe Biden akatia saini sheria ya PACT, ikaongeza maradhi zaidi ya 20, mengi ni ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Swali la kitabibu likawa swali la rekodi: ulikuwa wapi, lini? Jibu lake serikali inalo yenyewe.

Foleni haikuisha, tusidanganyane. Huko ombi likipita siku 125 huhesabiwa limechelewa, na baada ya sheria hiyo maombi yalifurika.

Kuna utaratibu wao mwingine, mdogo, ninaouhusudu zaidi. Askari akitoa taarifa tu kuwa anakusudia kudai, anapewa mwaka mmoja wa kukusanya vielelezo, na akikubaliwa, kwa kawaida malipo huanzia tarehe ya taarifa ile.

Kwetu, wengi hupiga hodi mlango usio wao. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo dhana kama hiyo kwa mstaafu wa JWTZ, jeshi la ulinzi la Tanzania, hata akiwa Mpemba wa Micheweni, itatungwa na Bunge, Dodoma. KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Zimamoto na wenzao ni idara maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Dhana ya hawa ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Ningeanza na orodha fupi: masikio kwa waliokaa na injini za boti, mapafu kwa wazimamoto. Wanaohofia udanganyifu wakumbuke kuwa dhana hupingika; serikali ikiwa na ushahidi kinyume, iulete.

Kwa mlio bado kazini: ukiumia, andikisha siku hiyo hiyo. Taja chombo, tarehe, saa na nani alikuwa zamu. Omba nakala yenye muhuri, uiweke nyumbani kwako, si kambini.